Mzalendo wa Rubaya: Neno Tamu, Bei Chafu

Skiza, msee wangu. Kuna neno moja safi sana hapa East Africa, limepigwa pasi hadi linang'aa, na bado ndilo neno ghali kuliko yote mtaani. Mzalendo.

Ukilidrop Kanairo, hakuna mtu anashtuka. Mzalendo ni ule mtandao wa kucheki wabunge, wamekuwa wakihesabu nani ameongea bungeni na nani amenyamaza tangu enzi za Kibaki. Mzalendo ni jina la mtu pia. Chairman wa kwanza wa NCIC, ile tume ya kuchunga tusitukanane kikabila, ni Mzalendo Kibunjia, na kazi yake ya kusomea ni akiolojia: kuchimba mawe na mifupa ya watu walioishi kabla kabila yoyote haijazaliwa. Huwezi tunga hiyo. Vuka border uingie Bongo. Mzalendo ni gazeti la Jumapili la CCM, na ACT-Wazalendo ni chama cha upinzani tangu 2014. Wenye nchi na wapinzani wao wanashare neno moja, kila mtu na bendera yake.

Sasa panda mlima hadi Masisi, North Kivu, huko Kongo. Ingia Rubaya, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Goma. Sema "mzalendo" kwa sauti. Watu wataangalia mkono wako kwanza, wajue umebeba nini.

Nikupe rada ya matumizi, ndio usiaibike siku ukipatana na morio wa Goma pale Githurai ama Kasarani. Kwa umoja ni mzalendo. Kwa wingi ni Wazalendo, na hiyo W unaisikia ni kubwa hata kama mtu anabonga tu. "Kaka yake aliingia Wazalendo." Maana yake aliacha shule, ama shamba, ama shimo la mgodi, akashika bunduki, na mathe wake hajalala poa tangu hiyo siku. "Wazalendo wameweka barrière." Maana yake toa ganji ama urudi ulikotoka. "Wazalendo wamegongana." Maana yake leo tunalala chini ya kitanda, na watoto ndani kabisa karibu na ukuta.

Story ya hilo jina bado ni fresh. Mei 2022, makundi yenye silaha ya Masisi na Walikale yalikutana Pinga, mji mdogo huko Walikale. Mengine yalikuwa yamechapana kwa miaka. Wakapatana: tuache kushambuliana, tuungane dhidi ya waasi wa M23. Novemba mwaka huo Rais Tshisekedi wa Kongo akaingia kwa TV, akaita vijana wajiunge na jeshi, na mitaani wajipange kwa vikundi vya ulinzi. 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba. Hapo jina likashika moto. Msee aliamka akiitwa mwasi, akalala akiitwa mzalendo. Gun ni ile ile. Barrière ni ile ile. Kilichobadilika ni lebo tu.

Na cheki branding, kaka. APCLS ya Janvier Karairi, kikosi cha Masisi: ile P ni ya wazalendo, patriotes. PARECO, iliyozaliwa 2007: ile PA pia ni ya wazalendo. CNDP ya Laurent Nkunda, 2006: kutetea watu. M23 wamechukua tarehe tu, 23 Machi 2009, siku ya mkataba wanaosema ulivunjwa. Na muungano wao mkubwa, AFC ya Corneille Nangaa, ulitangazwa 15 Desemba 2023 hapa hapa Nairobi, kwa hoteli, na mic, na suti kali. Kila upande una watu wa kutetea. Kila upande una nchi ya kupenda. Hakuna hata kundi moja limejiita Muungano wa Kukusanya Ushuru kwa Barabara, na hiyo ndiyo kazi wote wanajua kufanya kila siku.

Hiyo ndiyo nguvu ya hili neno. Hakuna mtu anaweza kulikataa. Mtu akikwambia "kuja tuibe," unahepa. Akikwambia "kuja uwe mzalendo," utasema nini? Utasema wewe si mzalendo? Mbele ya mbogi? Mbele ya manzi umekuwa ukimkatia? Umeshikwa.

Lakini mzalendo ni neno la jukwaani. Kazi ya chini inafanywa na neno lingine dogo, tamu zaidi, la kukaa jikoni: wa kwetu.

Sisi huku tunasema mtu wetu. Ukiwa Kenya, hilo unalijua hata kama hujaenda shule. Mtu wetu amepata job. Mtu wetu amenyimwa. Mtu wetu ameiba, lakini wanamuonea. Wasee wa Lingala wana mwana mboka. Usichanganyikiwe hapo: mboka yao ni nchi, ni kijiji; mboka yetu ya Sheng ni kazi. Ingawa ukicheki vile watu hupata kazi hizi sides zetu, hizo mboka mbili ni mashemeji.

Kule Goma na Masisi utasikia: "Huyu njo wa kwetu." Na sikiza, inaanza vizuri. Siwezi kudanganya. Wa kwetu ndiye alikupokea stage ukishuka na begi moja na namba moja ya simu. Wa kwetu alikuonyesha keja, akakukopesha unga, akachangia mazishi ya shosho wako kabla hata hujamaliza kulia. Wakongo wamejaa Kayole, Umoja, Githurai, na wengi wao walishikwa mkono na wa kwetu fulani. Hiyo si ukabila. Hiyo ni upendo wenye miguu. Naheshimu kabisa.

Inaharibika siku moja tu. Siku ile swali ni "alifanya nini?" na jibu linakuwa "ni wa kwetu." Basi. Hapo ndipo neno linavuka border. Halielezi tena nani utamsaidia. Linaamua nani amekosea na nani hajakosea kabla mtu yeyote hajaongea. Msee wetu amechoma nyumba? Alichokozwa. Msee wao amechomewa? Alijichomea. Ukisikia hiyo lugha kwa kikao, chukua jacket yako uende home.

Na Rubaya ndiyo mahali pa kuona bei ya hiyo lugha, kwa sababu Rubaya iko na kitu dunia nzima inataka.

Toa fon yako. Shika. Ndani yake kuna vidude vidogo vya kutunza umeme, vimetengenezwa na tantalum, na tantalum inatoka kwa coltan. Kwa makadirio ya UN, machimbo ya Rubaya yanatoa kama asilimia 15 ya tantalum ya dunia. Mji mmoja wa matope, bati na gumboots. Milima ya Bibatama, Luwowo, Gakombe. Vijana wanaitwa creuseurs, wanachimba kwa sururu na koleo, wanabeba gunia kwa mgongo hadi chini. Mdosi wa shimo anaitwa PDG, kama CEO wa benki, hata kama ofisi yake ni turubai. Hiyo title naipenda sana. Rubaya wanajua kujipa vyeo.

Na ni place mrembo, usidanganywe na picha za habari. Masisi ni majani mabichi hadi macho yanauma, ng'ombe wamelala kwa miteremko, na ile jibini ya mviringo wanauza Goma inatoka huko. Ukiwa na mgeni Goma na hujamwekea jibini ya Masisi mezani, umemwangusha.

Sasa vile ukwetu uliingia mgodini. Machimbo makubwa yalikuwa ndani ya leseni ya kampuni moja, SMB, zamani ikiitwa MHI. Wachimbaji walikuwa na ushirika wao, COOPERAMMA. 2013 wakasign: nyinyi chimbeni ndani ya eneo letu, mzigo mtuuzie sisi. Kwa karatasi, fiti. Halafu wachimbaji wakalia kwamba malipo yanachelewa. Kampuni ikalia kwamba mzigo unapitishwa kwa mlango wa nyuma. Hiyo ni kesi ya kawaida ya doo. Unaita mhasibu, unaita wakili, mnapiga hesabu, mnagombana, mnasign tena. Lakini mwenye kampuni alikuwa wa kabila hii, wengi kwa ushirika walikuwa wa kabila ile, na mtaani hesabu ikageuzwa kuwa damu. Gunia likapewa kabila. Ukiuliza bei ya kilo, unaulizwa wewe ni wa nani.

Na pale kila mtu anaangalia kabila ya gunia, wenye bunduki wanaangalia gunia. Kuanzia 2022 PARECO-FF, wazalendo kwa jina na kwa stamp, walishika machimbo. 30 Aprili 2024 M23 wakaingia Rubaya. Kwa ripoti ya wataalamu wa UN, M23 walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kwa ushuru wa coltan, na kama tani 120 kwa mwezi zikivushwa kwenda Rwanda. Agosti 2025 Marekani ikawawekea vikwazo PARECO-FF, pamoja na ushirika mmoja wa Kongo na makampuni mawili ya Hong Kong. Piga hesabu ya hiyo chain: kijana wa Masisi, mbebaji, mnunuzi, mpaka, Hong Kong. Huko mbele hakuna mtu anauliza "wewe ni wa kwetu?" Huko mbele wanauliza kilo ngapi. Ukabila ni wa mwenye sururu pekee. Wenye calculator waliuacha zamani.

Hii inaniuma, wacha niseme straight. Mwisho wa Januari 2026 mlima uliporomoka Rubaya. Waasi wanaoshika mji wenyewe walisema zaidi ya watu 200 walikufa: wachimbaji, watoto, na mama wa kuuza chakula. Matope hayakuuliza jina la ukoo.  Ukiniuliza nani ni wa kwetu, mimi naanzia kwa hao waliofukiwa.

Haya, tuongee wazee.

Unamjua mzee wa kiti cha plastiki. Kila jamii iko naye. Mkutano ukiitwa, yeye ako front row, kiti cheupe, kofia, fimbo. Vita ikiitwa, yeye ako row ya nyuma kabisa, nje ya wilaya, kwa mtoto wake mwenye visa. Anapenda kuanza na "sisi kama watu wa..." na kufunga na "vijana wetu wako tayari." Nani alikwambia tuko tayari? Tulikuwa tunangoja mechi ianze.

Mzee wa kiti cha plastiki amepewa kila nafasi ya kupanga hii kitu. Miaka ya 1990 Mobutu akianza kuyumba, wazee wakaleta msamiati mpya: géopolitique. Inasound kama degree. Maana yake kila mkoa uongozwe na wenyeji wake, na anayeamua nani ni mwenyeji ni mzee mwenyewe. North Kivu kila kabila ikawa na mutuelle yake: MAGRIVI ya Wahutu, Kyaghanda ya Wanande, Bushenge-Hunde ya Wahunde. Kwa jina ni chama cha kusaidiana: mkulima, mwanafunzi, mazishi. Kwa kikao cha usiku kikawa chama cha kuhesabu maadui. Halafu wao wenyewe, 1998, wakaunda Barza, baraza la wazee wa jamii zote za mkoa. Na nitawapa haki yao: kwa miaka kadhaa Barza ilizima moto mwingi, ilipatanisha watu juu ya mashamba. Halafu siasa ikawaita, kila mzee akakimbilia upande wake, na 2005 baraza likavunjika. Amani ya mkoa mzima ilikalia viti vya plastiki, na viti vikabebwa.

Halafu mzee huyo huyo anasema Gen Z ndio hawana msimamo. Wacha!

Ukitaka kumkasirisha, muulize mambo ya 1937. Hapo ndipo atasimama. Ni mwaka Wabelgiji walianzisha programu ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta milima ya Masisi, walime, wachunge, wafanye kazi kwa mashamba ya wakoloni. Iliendelea hadi miaka ya 1950. Wasemaji wengine wa Kinyarwanda walikuwa Kivu kabla hata mpaka haujachorwa. Mkoloni akachukua ardhi, akapanga watu juu ya watu, akajaza fomu, akaenda zake Ulaya. Karibu karne imepita na bado vijana wanatumwa kupigania fomu za Mbelgiji. Sheria ya uraia ya 1972 ikasema hawa waliotoka Rwanda ni raia, ya 1981 ikawanyang'anya. Yaani msee alilala raia akaamka mgeni, na hajasonga kutoka kitandani.

Kisha 20 Machi 1993. Soko la Ntoto, Walikale. Watu walikuja na mihogo, chumvi, kuku. Wanamgambo wakavamia, wakaua. Moto ukaruka hadi Masisi, kisasi kikazaa kisasi, na maelfu wakafa kabla hata vita kubwa za Kongo hazijaanza. Utaniuliza ni kabila gani ilianza. Ripoti ziko, unaweza kuzisoma. Mimi hapa sitakuandikia, na najua kwa nini: hilo ndilo swali mzee wa kiti cha plastiki anakungojea nalo. Ukilishika, ashakupata. Utapewa tarehe ya kabla ya hiyo tarehe, na nyingine kabla ya hiyo, hadi 1937, na ukimaliza kusikiliza umeshapewa kijiti cha bunduki.

Wacha nikuchekeshe kidogo. Wafaransa wana neno lao la huu ugonjwa, chauvinisme. Limetoka kwa soldier wa Napoleon, Nicolas Chauvin. Stori inasema alijeruhiwa mara mob, akabaki mlemavu, na bado akampenda bosi wake kupita kiasi, hadi tamthilia za Paris za miaka ya 1830 zikaanza kumcheka. Halafu mwanahistoria mmoja akaingia kwa rekodi za jeshi kumtafuta. Hakumpata. Kuna uwezekano mkubwa huyo jamaa hakuwahi kuishi! Baba wa mashabiki vipofu duniani kote ni mtu wa kutungwa. Bongo sasa wanamwita chawa, yule msee wa kushinda kwa ukosi wa mkubwa akisifu. Lakini chawa wa Bongo angalau analipwa, anapandishwa kwa gari, anavalishwa. Kijana wa Masisi anafanya uchawa wa bure, na njumu zake mwenyewe.

Bure? Mbaya zaidi ya bure. Analipia. NDC-R, kundi lingine lenye silaha la jamaa anaitwa Guidon, lilipokuwa limeshika sehemu kubwa za Walikale na Masisi, liliweka kitu inaitwa jeton. Kila mtu mzima, faranga 1,000 za Kongo kila mwezi, unapewa kakaratasi ka kuonyesha kwa barrière. Bila kakaratasi, shida. Subscription ya kupendwa! Unalipia msee akutetee, na yule unamwogopa zaidi barabarani ni yeye. Netflix angalau unaweza kucancel.

Sasa aibu. Tuongee aibu, kwa sababu hii side ni yetu, si ya wazee.

Aibu namba moja ni mzalendo wa keyboard. Ako Brussels, ama Texas, ama Ruaka kwa apartment iko na lift. Profile picture ni bendera. Anaandika "tutawamaliza" akingoja chakula cha delivery. Hajawahi kukanyaga matope ya Rubaya, hajui hata bei ya kulala Sake, mji wa njiani kutoka Goma, usiku mmoja barabara ikifungwa. Lakini TikTok live yake inatuma kijana wa Mweso, huko Masisi, kufa. Hiyo si swag. Ukiwa na beshte kama huyo, usimblock kimyakimya. Mwambie kwa group, kila mtu akiona: wewe unakula fries, dogo anakula risasi, shut up.

Aibu ya pili ni lugha ya wadudu na magugu. Hii tunaijua Kenya. Aprili 2022, uchaguzi ukikaribia, NCIC walitoa list ya maneno ya kuchunga. Madoadoa ilikuwa ndani. Mende ilikuwa ndani. Kwekwe. Wabara waende kwao. Hata hatupangwingwi iliingia, na mtaa ukacheka sana, kwa sababu sisi tulikuwa tunaidansia tu. Lakini madoadoa si ya kucheka. Hilo neno lilitembea Rift Valley kabla ya nyumba kuchomwa, na Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa baada ya uchaguzi wa 2007. Mende nayo ilitembea Rwanda, kwa redio, 1994, ikiitwa inyenzi. Masisi ni jirani ya hiyo redio. Mtu akimwita mtu mdudu, hata akiwa funny, hata akiwa mtu wenu, hata akiwa na punchline, zima hiyo simu. Nimeshuhudia wasee wakicheka hizi jokes kwa base, na sijawahi kuona hata moja ikiishia kwa joke.

Aibu ya tatu, kudunga vita. Combat za kijani, beret, picha na bunduki ya kuazima, caption ya Rambo. Masisi hiyo luku inaweza kukumalizia maisha kwa barrière ijayo, kwa sababu hawa wakikuona watadhani wewe ni wale. Vaa jezi ya Mazembe. Vaa ya Vita Club. Vaa hata ya Arsenal, tutakuombea.

Sasa kenye ni kali, kenye kinatrend, na nakitetea kwa kifua.

Cheki Mashemeji Derby. Gor na Ingwe. AFC Leopards ilikuwa Abaluhya hadi serikali ya Moi ikasema klabu ziachane na majina ya kikabila. Jina likaenda, mapenzi yakabaki, na hiyo mechi tunaiita ya mashemeji kwa sababu tumeoana hadi hatujui nani ashabikie nini. Unatukana goalkeeper wa shemeji yako dakika 90, jioni unakula ugali kwake. Hiyo ni loyalty iko na breki. Kwa mpira unaruhusiwa kusema refa amekosea hata akiwa upande wako. Nani ameruhusiwa kusema hivyo kwa Wazalendo? Nani ameruhusiwa kwa M23?

Cheki Juni 2024. Finance Bill. Tuliingia CBD bila chama, bila kiongozi, bila kabila, na tuliisema kwa Kizungu ndio wazee wasikie vizuri: tribeless. Kuna watu hawakurudi home. Siwezi kuongea hiyo kitu kwa mzaha. Lakini kwa mara ya kwanza mzee wa kiti cha plastiki aliita "watu wetu" na watu wake walikuwa wamekaa chini pamoja na watu wa mwingine, wakigawana maji ya kuosha macho.

Na kama unafikiri sisi ndio wa kwanza, tulia. Goma walituacha mbali. LUCHA ilizaliwa Goma 2012. Vijana, hakuna bosi, hakuna bunduki, hakuna kabila. Walianza na maji ya bomba na job za vijana, wakashikwa, wakapigwa, wakafungwa, wakatoka, wakarudi kwa barabara. Walipoteza Luc Nkulula, alikufa kwa moto wa nyumba Juni 2018, na bado wako. Waliita serikali ya Kinshasa kwa makosa yake na waasi kwa makosa yao, na kila upande ukawaita wasaliti. Ukiitwa msaliti na pande zote mbili kwa wiki moja, hapo uko kwa njia.

Goma pia ndiyo ilitupa Innoss'B. 2019 ile remix yake na Diamond ilicheza kila nganya ya Rongai, na hakuna konda aliuliza huyu ni wa kabila gani kabla ya kuongeza volume. Goma ndiyo ilianzisha Amani Festival, 2014, wasee maelfu wakidance kwa vumbi ya lava. Huo ndio ukwetu nautaka. Unaingia na miguu yako, unatoka nayo.

Kwa hivyo, morio, tumia neno. Siwanyimi. Penda kwenu. Penda Masisi, penda Walikale, penda Kayole, chora bendera kwa shavu, imba hadi sauti iishe. Toa mchango wa mazishi ya mtu wa kwetu, na ya jirani ambaye si wa kwetu, kiasi sawa. Ukikuta mdogo wako anaanza kusema "wale" badala ya kusema jina la mtu, mkalishe umuulize ni nani haswa. Na mzee akikuja na fimbo yake kukuitia uzalendo, mheshimu, mpe chai, halafu muulize swali moja: mtoto wako wa kwanza ameshikilia front gani? Akisema ako Canada anasoma, mmalizie chai, msindikize hadi gate, na wewe uende mechi.